Injini ya IST imekufa, nishushe mwenyewe au nimpe fundi?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Mbagala, nalifupisha: "Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2003, injini 2NZ, naifanyia tax mtandao. Wiki iliyopita ilichemsha kwenye foleni, nikaiendesha hivyohivyo kama kilomita tatu mpaka nyumbani. Sasa inawaka kwa shida, inatetemeka na inatoa moshi mweupe. Fundi wa mtaani kasema injini imekufa, niweke nyingine. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani hapa Dar nimetajiwa 1,450,000 kwa injini iliyotumika, na fundi anataka 280,000 kushusha na kupandisha. Mimi na shemeji tumeangalia video, naona ni bolti tu. Nikifanya mwenyewe si nitaokoa hiyo 280? Na nikiweka 1NZ, ile kubwa yake, ili iwe na nguvu zaidi vipi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole, najua gari ikilala na hesabu ya siku inalala. Nitakujibu kirefu maana hili swali wanauliza wengi, ila naanza na kitu ambacho hujaniuliza. Huyo fundi aliyesema injini imekufa amepima na nini? Kwa sababu ulivyoelezea hapo, imechemsha, ukaiendesha, sasa moshi mweupe na kutetemeka, hizo ni dalili za gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi, kichwa cha injini, na bloku) kuachia na maji kuingia kwenye silinda. Inawezekana kweli injini imekwisha, sikatai, lakini inawezekana pia ni hedi tu, na tofauti ya hayo mawili ni zaidi ya milioni kwenye mfuko wako. Mtu kufungua boneti, kusikiliza dakika mbili na kutikisa kichwa, hicho sio kipimo.

Tafuta fundi mwenye geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, wapo wengi na hawachaji hela ya kutisha. Zinatolewa plagi zote nne, zinachomolewa soketi za koili na za nozeli ili isiwake wala isimwage petroli, wewe unakanyaga mafuta mpaka chini huku unapiga stata, yeye anasoma geji silinda moja baada ya nyingine. Andika namba zote nne. 2NZ nzima inacheza kwenye 180 mpaka 210 psi, na silinda zote zinatakiwa zikaribiane, ikishuka chini ya 150 hapo kuna shida. Sasa usomaji wake: kama mbili zinazopakana ndo ziko chini na nyingine nzima, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao. Kama zote nne ziko chini, mwambie amwagie kijiko kimoja cha oili kwenye silinda kupitia tundu la plagi na apime tena, namba ikipanda basi ringi na silinda zimechoka, isipopanda shida iko juu, valvu au gasketi. Hiyo kazi haimalizi hata saa nzima.

Ikionekana ni gasketi, hedi inafunguliwa, inapelekwa kwa watu wa mashine ikapimwe kama imepinda, ikipinda kidogo inasawazishwa. Ila nikuambie ukweli kuhusu hizi NZ. Bloku yake ni ya aluminiamu, ndani imevalishwa silinda nyembamba za chuma, haikutengenezwa kwa ajili ya kukwanguliwa na kuwekewa pistoni kubwa kama injini za zamani. Na ikichemka vibaya, zile bolti za hedi ukizifungua zinaweza kutoka na thredi za bloku, ukifunga tena hazishiki. Ndo maana kwa hizi gari neno ovaholi mi silipendi, watu wanalipa hela nyingi ya ringi na beringi alafu baada ya miezi mitatu inakula oili tena. Hedi peke yake, sawa, tengeneza. Ikishafika kwenye silinda na kranki, weka injini nyingine tu.

Haya, tuseme umepima na kweli imekufa. Tupige hesabu.

Wewe kichwani una namba mbili, 1,450,000 na 280,000, jumla 1,730,000, na unataka kukata hiyo ya pili. Tatizo ni kwamba bili yenyewe sio hiyo. Injini ikiwa nje kuna vitu huwezi kuvirudisha vilivyo, kwa sababu kuvifikia tena ni kushusha upya. Mimi nikimwandikia mteja wa IST kwa bei ninazokutana nazo mjini inakuja hivi, kirikuu ya kuleta injini 30,000, oili na filta 90,000, kulanti 40,000, sili ya nyuma ya kranki na sili nyingine ndogondogo 45,000, maunti mbili 130,000, plagi nne 60,000, mkanda 35,000, wota pampu na thamostati 140,000, hozi mbili za rejeta na klipu zake 50,000, oili ya giaboksi 80,000, na rejeta kwa sababu yako imechemsha nami siiamini tena, 180,000. Jumlisha, ni 880,000. Ukiweka na injini inafika 2,330,000, ukiweka na fundi 2,610,000. Bei zitapishana, kuna duka utapata pungufu na kuna duka utapigwa, ila uwiano hautabadilika sana: katika kila elfu kumi unayotoa, ya fundi ni kama elfu moja na kidogo. Unapambana kuokoa kipande kidogo tu cha bili.

Na hapa ndo hizo video zinawapoteza vijana. Video nyingi za kubadilisha injini nyumbani zimetoka Marekani, na kule jamaa ana haki kabisa ya kufanya mwenyewe, gereji nyingi zinachaji zaidi ya dola 100 kwa saa moja ya fundi, kazi ya kubadilisha injini inaweza kula saa 10 mpaka 20, wewe piga mwenyewe, hela ya ufundi peke yake inaweza kuipita bei ya injini iliyotumika. Alafu jamaa ana gereji nyumbani, sakafu ya zege, vyombo anavyo tangu zamani au anakodi duka la jirani. Kwetu ni kinyume, spea ndo ghali na mkono wa mtu ndo rahisi. Inauma kusema mimi fundi lakini ndo hali. Kwaiyo ile hesabu yao ukiileta Mbagala inageuka.

Twende kwenye vyombo. Uliniambia una nini? Hukuniambia, nadhani una spana za kawaida na jeki ya kwenye buti. Kwa kazi hii unahitaji seti ya soketi ya maana sio ile inayopanuka ukikaza mara mbili, weka 150,000. Spana ya toki, ile inayopima unavyokaza bolti, 120,000. Jeki ya toroli 180,000. Stendi za kusimamishia gari 100,000. Cheni bloki ya kunyanyulia injini sio lazima ununue, kodi, ukipata kwa 20,000 kwa siku kwa siku tatu ni 60,000. Hapo tayari 610,000, ili uokoe 280,000. Utaniambia vyombo vinabaki, ni kweli vinabaki, na kama una mpango wa kuwa fundi au unapenda magari kwa moyo basi ni uwekezaji mzuri na mi nakuunga mkono. Lakini usiiite kuokoa hela.

Alafu kuna siku. Fundi anayeijua IST akiwa na saidia fundi mmoja, asubuhi anashusha, kesho jioni unasikia inawaka. Nyie wawili kwa mara ya kwanza, na shemeji anatoka kazini saa kumi na moja, weka siku tisa na nimewapendelea, kwa sababu siku ya tatu mtavunja bolti moja ya eksozi, siku ya nne mtatafuta mtu wa kuitoa, siku ya sita mtagundua kuna soketi mbili zinafanana na hamkumbuki ipi ilikaa wapi. Gari yako ni ya kazi. Ukishatoa mafuta, tuseme inakubakizia 35,000 kwa siku, siku saba za zaidi ni 245,000. Ile 280 karibu yote imeshakwisha hapo na bado hujaharibu kitu.

Sasa kuharibu. Nikupe moja ambalo limenikuta mimi mwenyewe nikiwa bado saidia fundi, sijasahau mpaka leo. Kwenye gari ya otomatiki kati ya injini na giaboksi kuna lile dude la mviringo, toki konveta. Inapoingia kwenye giaboksi inatakiwa izame hatua kwa hatua, unaizungusha huku unaisukuma, inazama, unaizungusha tena, inazama tena, mpaka ishike meno ya pampu ya oili iliyoko ndani kabisa. Ikiwa haijazama hiyo hatua ya mwisho kwa macho ya haraka inaonekana imeingia. Nikaunganisha injini na giaboksi, zikabaki na uwazi kama wa kidole, nikaona zinagoma kukutana, nikafanya akili ya kitoto nikazivuta kwa bolti. Zikakutana vizuri tu. Tukawasha, gari ikalia kama inasaga mawe alafu haiendi mbele wala nyuma, pampu imepasuka. Bosi wangu alinunua giaboksi nyingine na mimi mshahara wa miezi miwili nikausikia kwenye redio. Kwaiyo we hata ukimpa fundi kazi, wewe mwenyewe kumbuka hii: injini na giaboksi zinatakiwa zikutane kwa mkono, bolti ni za kushikilia sio za kuvutia. Ukiona mtu anavuta uwazi kwa spana, mwambie asimame.

Na jingine sitaki nilipite haraka maana linaua. Usiingie chini ya gari iliyosimama kwenye jeki peke yake, na usiisimamishe kwenye matofali. Tofali la saruji linabeba, linabeba, alafu linapasuka ghafla bila kukuonya. Na kufunga cheni bloki kwenye tawi la mwembe nimeona ikifanyika sana, nimeona pia tawi likikatika injini ikiwa hewani, bahati nzuri siku hiyo hakuna aliyekuwa chini. Kama huna fremu ya chuma au boriti ya uhakika, hilo peke yake linatosha kukwambia kazi hii sio ya nyumbani.

Kwa hiyo jibu langu la swali lako la kwanza, mpe fundi hiyo 280,000, na nguvu yako uipeleke pale ambapo hela nyingi ipo, yaani kununua injini. Hapo ndo kwa kweli unaweza kufanya mwenyewe na ukaokoa, na cha ajabu ndo pale watu wanapomwachia fundi kila kitu. Ukimpa fundi milioni moja na laki nne na nusu aende peke yake, atakuletea injini, lakini cha juu kitakuwepo humo na sio ajabu, ndo mjini palivyo, ila kibaya zaidi ni kwamba muuzaji akishamlipa cha juu, fundi hana tena mdomo wa kulalamika injini ikiwa mbovu. Nenda nae, mlipe hela yake ya kukusindikiza, elfu thelathini iliyo wazi, na muuzaji mlipe wewe.

Ukifika Gerezani au Shaurimoyo zunguka kwanza maduka matatu manne kabla hujataja bei yako. Injini nyingi utazikuta chini, kavu, haziwashwi. Lakini injini kavu nayo inaongea. Fungua mfuniko wa kuwekea oili, angalia ndani kwa tochi ya simu: rangi ya asali au kahawia nyepesi ni nzuri, tope jeusi zito kama grisi maana yake mwenye nayo Japan hakubadilisha oili, na hizi injini za cheni tope ndo adui yake. Ukiona ute mweupe kama maziwa, maji yameingia kwenye oili, ondoka. Ingiza kidole pale hozi ya juu ya rejeta inapokaa, ukikuta kutu na chokaa basi hiyo imekunywa maji ya bomba, na kutu nyingi kwenye injini inayosemwa imetoka Japan jana inakwambia imetoka kwenye gari ya hapahapa. Omba spana uzungushe kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, izunguke laini bila kukwama. Toa plagi, zote zifanane rangi, moja ikiwa na oili na nyingine kavu jiulize kwanini. Siku hizi kuna vikamera vyembamba vya kuchomeka kwenye simu, vya bei ndogo tu, unaingiza kwenye tundu la plagi unaona ukuta wa silinda kama una mikwaruzo. Wauzaji wengine wanakasirika ukitoa hicho kikamera. Huyo anayekasirika mwache na injini yake.

Angalia plastiki na hozi zilizobaki juu ya injini, zikiwa zimejikunja au zimekauka kama biskuti hiyo iliwahi kuchemka. Angalia pia kama kwenye maungio ya hedi au mfuniko wa cheni kuna silikoni mpya inang'aa, injini ya kutoka nje haina sababu ya kuwa na silikoni ya jana.

Kuhusu gerentii, muulize muuzaji mapema na uandikiwe kwenye risiti. Wengi wanakupa siku chache za kujaribu, na maana yake ni kwamba ikiwa mbovu unabadilishiwa injini, hela ya fundi ya kushusha tena ni yako. Na wanapiga alama ya rangi kwenye bolti ili usije ukafungua ukachukua vitu vya ndani ukarudisha ganda. Usiguse hizo alama. Wengi pia hawakubali injini iliyochemka ikiwa kwako, na hilo linanipeleka kwenye kitu cha muhimu kuliko vyote humu.

Injini yako ya kwanza ilikufa kwa nini? Haikufa yenyewe, iliuliwa. Kama ni rejeta imeziba, au feni haiwaki, au hozi inavuja, au mfuniko wa rejeta haushiki presha, aliyeiua bado yuko ndani ya gari anasubiri injini mpya. Nimeona mtu anaweka injini Ijumaa, Jumatano imechemsha tena palepale kwenye foleni, kwa sababu feni ilikuwa haifanyi kazi tangu mwaka jana na hakuna aliyeangalia. Foleni na feni mbovu, gari ikitembea upepo unasaidia, ikisimama inachemka, na kwako ilichemka kwenye foleni, kwaiyo mi ningeanza kuchunguza hapo. Washa AC, feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka fuatilia fyuzi, rilei, na mota yenyewe.

Na thamostati. Mafundi wetu wengi, na nawaheshimu ni wenzangu, gari ikichemka tu wanatoa thamostati wanatupa, wanakwambia "hii ni ya nchi za baridi". Sio kweli bana. Ile inafunguka maji yakifika joto la karibu nyuzi 82, kazi yake ni injini ifike joto lake haraka na ibaki hapo. Ukiitoa, injini inatembea ya baridi, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inadhani gari ndo kwanza imewashwa inazidisha petroli, oili inachafuka mapema, na wewe wa tax mtandao unalalamika mafuta hayatoshi. Kutoa thamostati kunaficha ugonjwa tu. Weka mpya, na weka kulanti, sio maji ya kisima cha Mbagala yenye chumvi kwenye injini ya aluminiamu.

Swali la 1NZ. Inaingia, ndio. Ni ndugu wa tumbo moja na 2NZ, upana wa silinda ni uleule milimita 75, ila 1NZ pistoni inasafiri ndefu zaidi, ndo maana moja ni cc 1298 na nyingine 1497. Maunti zinakaa, giaboksi inapokea. Na nguvu utaisikia hasa ukiwa na abiria wanne na AC. Lakini ukichukua 1NZ ichukue na kontroli boksi yake, maana ya 2NZ imepangiwa injini ndogo. Hakikisha pia troto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, inafanana, kuna za kebo na kuna za umeme, ukichanganya utaanza kutafuta fundi waya na hiyo ni bili nyingine kabisa. Piga picha injini yako ya zamani pande zote kabla ya kwenda dukani, kila soketi, ulinganishe palepale. Na uwe macho na maandishi ya kwenye bloku: unataka 1NZ-FE. Kuna 1NZ-FXE, hiyo ni ya Prius ya haibridi, haina hata stata wala alternata kwa sababu mota za umeme ndo zinaiwasha, na ukitajiwa bei ya chini kuliko wenzake wote uliza kwanza kama sio hiyo. Mi ningekuwa wewe, kwa kazi yako, ningebaki na 2NZ. Inakula kidogo na haikuongezei kazi ya kubadilisha ukubwa wa injini kwenye kadi.

Maana makaratasi yapo. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, na ukubwa wa injini nao uko kwenye kadi. Ukibadilisha injini namba haifanani tena, na siku ya kuuza gari au siku ya ajali bima wakikagua hapo ndo utahangaika. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye namba ya injini imeandikwa, muuzaji anayekwambia "risiti ya nini bwana mdogo" jiulize hiyo injini ilitoka kwenye gari ya nani. Gari ikikaguliwa unaenda TRA, mamlaka ya mapato, wanabadilisha taarifa. Wenzetu wa Kenya nao hivyohivyo, wao ni NTSA, mamlaka yao ya usafiri na usalama.

Sasa unapokubaliana na fundi. 280,000 kwa IST sio bei mbaya ila uliza ndani yake kuna nini. Je, anahamisha alternata, stata na kompresa ya AC kutoka kwenye injini ya zamani? Na mwambie kompresa aifungue aifunge pembeni na paipu zake bila kuachia gesi, inawezekana kabisa, ukimwacha atafungua paipu na utalipia kujaza gesi upya bila sababu. Je, sili ya nyuma ya kranki anabadilisha injini ikiwa bado chini? Hiyo ni sili ya bei ndogo, lakini ikivuja baada ya injini kupanda, unashusha tena. Oili ya giaboksi ya IST ni aina ya Toyota T-IV, sio "oili yoyote nyekundu". Malipo gawa, nusu akishusha, iliyobaki ukishaendesha gari siku mbili tatu haivuji na haipandishi joto. Fundi mzuri hatakataa.

Na we na shemeji msikae nyumbani. Nendeni mkawe saidia fundi. Mkaoshe pale injini inapokaa na boneti, mkapige picha, mkafunge lebo za karatasi kwenye soketi, mkashike tochi, mkakimbie dukani. Utajifunza zaidi ya video ishirini, fundi atamaliza mapema, na kazi yako mwenyewe mtu haifanyi ovyo ukiwa umesimama pale.

Siku ya kuwasha msiwe na haraka. Injini iliyokaa kavu miezi haina oili kwenye beringi, kwaiyo chomoa soketi za koili na nozeli kwanza, piga stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime kwenye dashibodi, ndo uchomeke uwashe. Jaza kulanti hita ikiwa imewekwa upande wa joto ili hewa itoke, iache injini iwake mpaka feni izunguke yenyewe na izime mara mbili, hapo ndo unajua mfumo umejaa. Usiendeshe kabla hujaiona feni. Kesho yake injini ikiwa ya baridi angalia kiwango tena, kitakuwa kimeshuka kidogo, ongeza. Na ile oili ya kwanza usisubiri kilomita elfu tano, imwage kwenye 500, utaona uchafu ulioshuka.

Kwa sasa lakini usinunue kitu. Kapime kompresheni, alafu niandikie zile namba nne kwa mpangilio kuanzia upande wa mkanda. Na ukimwambia fundi afungue pale hozi ya chini ya rejeta inapoingia kwenye injini, niambie kama thamostati mmeikuta au ilishatolewa na mtu.